Mwanamke wa Upande wa Kushoto

Mabango yalifika Kitale siku ya Jumanne, lakini Rahab hakuyaona mpaka Jumamosi, na kwa siku hizo nne hapakuwa na mtu mwenye furaha kumshinda katika njia nzima ya Kiminini.

Alikuwa ameyangoja tangu Novemba, mwezi ambao vijana wa kampuni ya mbegu ya Zao Jema walifika shambani kwake na gari jeupe na kamera. Alikuwa amewaambia wanawake wa gildi, umoja wa kina mama kanisani, akawaambia wa chama cha akiba, akamwambia hata mtu wa pikipiki aliyemchukulia maziwa. "Mkiingia duka yoyote ya mbegu mtanikuta kwa ukuta," alisema, na kila aliposema aliziba mdomo kwa kiganja kama msichana. Alikuwa na haki ya kujivuna. Katika ekari moja na nusu alikuwa amevuna magunia arobaini na mawili, na afisa wa kilimo mwenyewe alikuja kuyaona yakiwa bado yameanikwa kwenye turubai.

Jumamosi hiyo alivaa rinda lake la buluu, lile la harusi za watu, akaandamana na Jerop, jirani yake wa ng'ambo ya ua na rafiki yake wa miaka ishirini. Hawakuwa na cha kununua. Walikwenda kutazama tu.

Duka la Mbogo liko karibu na soko, na ukiingia unapokelewa na harufu ya dawa ya kupe. Bango lilikuwa nyuma ya kaunta, refu kama mlango, limegawanywa katikati kwa mstari mwekundu. Upande wa kulia alisimama mwanamke ambaye Rahab hakuwa amepata kumwona maishani. Alijifunga kitambaa cha kijani, meno yake yalikuwa meupe, na mikononi alikumbatia mahindi makubwa. Jua lilimwangaza. Nyuma yake palikuwa na nyumba ya mabati mapya. Juu ya kichwa chake pameandikwa BAADA.

Upande wa kushoto hapakuwa na jua. Rangi zote zilikuwa zimefifishwa zikabaki kijivu. Hapo alisimama Rahab, ndani ya sweta iliyotoboka kiwiko, macho ameyainamisha kwenye hindi moja lililosinyaa. Juu ya kichwa chake pameandikwa KABLA. Na chini, kutoka ukingo hadi ukingo: USIBAKI NYUMA.

Rahab alitazama upande wa kulia kwanza, kwa muda mrefu, akijitafuta.

"Mama Gladwell!" Mbogo aliita kutoka kwenye mizani. "Umekuwa staa bana! Leo pekee watu wanne wameniuliza kama ni wewe."

"Ni mimi," Rahab alisema.

"Na hiyo mahindi iliingiliwa na nini? Funza?"

"Haikuwa yangu." Alilisema polepole, kama mtu anayetafsiri. "Hiyo hindi haikutoka kwa shamba yangu. Walikuja nayo kwa mfuko."

Mbogo alicheka, maana alidhani anatania. Mzee mmoja aliyetoka Cheptais kununua chumvi ya ng'ombe alimtazama Rahab, akatazama bango, akamtazama Rahab tena. Kisha alisogea pembeni kumpisha, kwa upole, kama mtu anavyompisha mgonjwa.

"Twende tunywe chai," Jerop alisema, akamshika mkono.

Hawakunywa chai. Walitembea hadi mwisho wa soko, wakasimama kando ya wauza sukuma, na hapo Rahab akaeleza.

"Nilikuwa nimevaa hii rinda, Jerop. Hii hii. Yule kijana, Gathii, akasema inang'aa sana, inaharibu picha. Ati sina kitu ya shamba? Nikachukua sweta ya Ngari. Wakanipiga picha nikicheka na hindi yangu, ile kubwa. Halafu akatoa ile ingine. Akasema, mama, hebu shika na hii, usicheke, fikiria kitu ya huzuni. Nikamuuliza ni ya nini. Akasema ni ya kujaribu kamera."

"Na wewe ukafikiria nini?"

"Nilifikiria mama yangu. Vile tulimzika na mvua."

Jerop aliinama, akamtoa rafiki yake jani la kabeji lililokuwa limenasa kwenye pindo la rinda.

* * *

Ngari alikuwa ameambiwa kabla mkewe hajafika nyumbani. Aliambiwa kwenye kituo cha maziwa, mbele ya wanaume kumi, na mmoja wao akamwonyesha picha ya bango kwenye simu. Ngari alikuwa mtu mpole, mwenye ng'ombe watatu na jina zuri kanisani, na hakuwa amezoea kuchekwa.

"Hiyo sweta ni yangu," alisema Rahab alipoingia tu. "Unajua hiyo? Ni sweta yangu iko kwa ukuta."

"Najua."

"Kila mtu anaijua. Sasa wanasema Ngari ameshindwa kuvisha bibi. Ati Ngari anavuna hindi moja kama kidole. Mimi! Na ghala imejaa!"

"Si wewe wameweka, Baba Gladwell. Ni mimi."

"Wewe ni nani kama si wangu?"

Lilikuwa jambo ambalo siku nyingine lingemfurahisha. Jioni hiyo Rahab alilisikia kama mtu anavyotaja mali yake. Mumewe hakumuuliza alivyojisikia aliposimama mbele ya kaunta ya Mbogo, na hakumuuliza siku iliyofuata wala nyingine. Alichofanya ni kuchukua ile sweta asubuhi na kuichoma nyuma ya zizi, akaigeuzageuza na kijiti mpaka ikaisha. Rahab alitazama kutoka mlangoni pa jikoni na hakumzuia. Ndiyo aliyokuwa akivaa kukama ng'ombe saa kumi na moja alfajiri, na hata Februari alfajiri ya Kitale ina baridi. Tangu siku hiyo alikama na leso mabegani.

Kanisani hakuna aliyemtukana. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Wasichana wa kwaya walimwita Mama Kabla, lakini kwa mapenzi, wakicheka naye, na yeye akacheka nao. Mwenyekiti wa gildi aliomba kwa ajili ya "wenzetu ambao mavuno yamewapita," na kina mama wawili wakafumbua macho kumtazama. Wiki ya pili mke wa mzee wa kanisa alimletea mfuko wa nguo kuukuu, zimefuliwa na kupigwa pasi.

"Usijisikie vibaya," alimwambia. "Leo ni wewe, kesho ni mimi."

Rahab alijua kwamba mama huyo msimu ule alikuwa amevuna magunia tisa. Aliupokea mfuko kwa mikono miwili. Akashukuru.

"Kwani tulisomesha mtu bure?" Ngari alisema siku moja, baada ya majuma matatu ya kunyamaziana. Alikuwa ameishika karatasi ambayo mkewe aliisaini juu ya boneti ya lile gari jeupe, karatasi ya Kiingereza yenye herufi ndogo kama chawa. "Enda Bungoma kwa Gladwell. Asome hii, aandike barua ya kweli, watoe hiyo picha. Si ndio kazi anasomea? Maneno?"

Rahab hakuwa amemwambia bintiye chochote. Gladwell alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu, mtihani ulikuwa karibu, na Rahab hakutaka kumsumbua. Lakini kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi alihisi kuna mlango mahali fulani. Usiku huo huo aliloweka maharagwe ya kumpikia.

* * *

Asichokijua Rahab ni kwamba Gladwell alikuwa ameliona bango siku kumi na mbili kabla.

Mwalimu Wakhungu alifundisha Kiswahili chuoni, na kila muhula alikuwa na somo moja ambalo wanafunzi walilingoja. Alikuwa mtu wa kuomba mabango ya zamani madukani, kuchana kurasa za magazeti, kuokota vikaratasi vya waganga kwenye nguzo za stima. Siku hiyo aliyamwaga yote juu ya meza.

"Tangazo halidanganyi sana kwa maneno," aliwaambia. "Kwa maneno mtu anaweza kukushtaki. Tangazo linadanganya kwa jinsi limepanga vitu. Iulize kila picha: nani amepewa jua, nani amenyimwa? Nani anatutazama machoni, nani anatazama chini? Kila kitu hapo ni ishara, na kila ishara imelipiwa."

Akawagawa vikundi. Kikundi cha Gladwell kilipewa bango la mbegu.

"Huyu mathe amesota, hana kitu, woi," kijana mmoja alisema, na wenzake wakacheka.

Gladwell hakumtambua mama yake kwa uso. Alimtambua kwa mkono, kwa ukucha wa kidole gumba cha kushoto uliopasuliwa na panga mwaka alioingia darasa la tano. Kutoka hapo macho yake yalipanda hadi kwenye sweta ya baba yake, yakapanda hadi shingoni, na hapo yakagoma.

"Gladwell, cheki hiyo pua," alisema Lorna, rafiki yake wa hosteli. "Si ni kama yako?"

"Wacha zako," Gladwell alisema, akacheka pamoja nao.

Baadaye alihesabu mambo yote ambayo angeweza kufanya. Angeweza kusema kichwa kinamuuma. Angeweza kumsukumia Lorna kazi ya kuzungumza. Angeweza kusema maneno matatu tu, na darasa lingenyamaza, na jambo lingeisha hapo. Lakini wenzake darasani walitoka Kakamega, walitoka Eldoret, wawili walitoka Nairobi, na kwa mwaka mmoja na nusu alikuwa amewafanya waamini kwamba kwao ni watu wa shamba kubwa. Kikundi kilimchagua azungumze, maana yeye ndiye aliyekuwa hodari. Akasimama.

"Mtazameni mwanamke wa upande wa kushoto," alianza, na sauti yake ilitoka safi. "Amenyimwa jua. Amenyimwa hata nyumba. Nyuma yake ni ukungu tu, kana kwamba hana atokako. Sweta ni ya mwanamume, maana yake hana hata nguo iliyo yake. Kiwiko kimetoboka, na huo ni uzembe. Macho yanatazama chini, na hiyo ni aibu ya mtu asiyejua kitu. Wa kulia anatutazama sisi. Wa kushoto anatazama kushindwa kwake. Hatumhurumii. Tunaogopa kuwa yeye, na woga huo ndio unaouza mbegu."

Wakhungu alikuwa ameshaweka chaki chini. "Vizuri! Vizuri sana. Na huyo mwanamke mwenyewe je? Kuna mtu pale?"

Gladwell alimtazama mwalimu, hakulitazama bango.

"Hakuna mtu, mwalimu. Ni ishara tu."

Darasa lilimpigia makofi. Wakhungu akamwomba aandike yale aliyoyasema, na Gladwell akaandika kurasa tatu, kwa mwandiko wake mzuri, kwa sababu kuandika vibaya kungehitaji maelezo. Kurasa hizo zilibandikwa kwenye ubao wa idara, ukumbini, kando ya bango lenyewe. Juu yake mwalimu aliandika kwa kalamu nyekundu: Someni kazi hii.

* * *

Rahab alifika chuoni kabla ya saa tano, siku ya Alhamisi, na rinda la buluu. Alikuwa na kiondo chenye ovakado na githeri ya mahindi na maharagwe ndani ya bakuli la plastiki, na ile karatasi ya kampuni ameiweka ndani ya Biblia isipate mikunjo mibaya. Mlinzi alimwonyesha jengo. Msichana mmoja akaenda kumwita Gladwell maktabani. Rahab akasimama ukumbini kungoja, na kwa kuwa hakutaka kutazama ovyo watu wanaopita, aligeukia ubao.

Alikuwa amesoma mpaka darasa la nane, na Kiswahili alikisoma vizuri, polepole, midomo ikicheza. Aliliona bango kwanza. Halikumshtua tena. Kisha aliona jina la bintiye, akatabasamu, akasogea karibu.

Wakhungu alitoka ofisini akiwa na kikombe mkononi. "Karibu, mama. Umesaidiwa?"

"Nimesaidiwa, mwalimu. Nangoja Gladwell Ngari. Mimi ni mamake."

Alisema hivyo bila kugeuka, kwa sababu alikuwa ukurasa wa pili. Wakhungu aliutazama uso wake kwa upande, akautazama ule wa ukutani. Akasikia, kana kwamba limesemwa sasa hivi, jibu ambalo mwanafunzi wake alimpa darasani. Alitaka kung'oa zile karatasi. Lakini mtu hawezi kumnyang'anya mzazi kitu anachosoma.

Gladwell alikuja mbio kutoka maktabani, na alipokata kona alisimama.

Rahab alimaliza ukurasa wa tatu kabla ya kugeuka.

"Ni wewe umeandika hii?"

"Mami..."

"Nauliza tu. Jina yako iko hapa."

"Ni mimi."

"Hapa umesema uzembe. Ni ile shimo ya kiwiko ndio inaonyesha?"

"Mami, si wewe. Ni tangazo ndilo linasema hivyo. Mimi nilikuwa naeleza tu vile linasema."

"Nimeelewa." Rahab aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelezwa njia. "Nimesoma yote. Umeandika vizuri, umeona kila kitu. Hata mimi sikuwa nimeona ati wamenitolea nyumba." Aligeukia ubao tena, akapitisha kidole kutoka juu ya ukurasa wa mwisho mpaka chini. "Nimetafuta tu mahali umesema si kweli. Hiyo sijaona."

Kengele ililia na wanafunzi wakaanza kutoka madarasani. Lorna alikuwa miongoni mwao. Alimwona mama, akaliona bango, akamwona Gladwell, na mkono wake ukaenda mdomoni.

"Mama, kosa ni langu," Wakhungu alisema. "Mimi ndiye nilibandika."

"Hapana, mwalimu. Wewe hukuwa unanijua."

Alikitoa kiondo begani, akampa bintiye bakuli na ovakado, akamwambia ale githeri leo leo isichache. Gladwell aliomba amsindikize stendi. Rahab alisema anaijua njia. Hakusema alichokuwa amekuja kutafuta. Aliondoka na Biblia chini ya kwapa, akipita katikati ya vijana waliompisha, na mgongo wake katika rinda lile la buluu ulikuwa umenyooka kabisa mpaka alipotoka getini.

* * *

Jumapili Ngari alipiga simu.

"Ile barua, imefika kampuni?"

"Barua gani, Baba?"

Gladwell alimsikia baba yake akivuta kiti na kukaa.

"Kwani mama yako alikuja kufanya nini huko?" Ngari aliuliza, na alipomweleza bintiye habari ya karatasi, ya sweta, ya mfuko wa nguo kuukuu, sauti yake ilipungua nguvu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyasema yote kwa mfululizo. "Mimi pia sikumfanyia vizuri," alisema mwishoni. "Nilichoma sweta."

Kesho yake Gladwell hakuingia darasani. Alikwenda Kitale moja kwa moja, mpaka ofisi ya Zao Jema, chumba kimoja juu ya duka la vipuri. Gathii alikuwapo. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akamtafutia maji.

"Alisaini, dada," alisema, akampa nakala. "Hapa. Picha itumike vile kampuni itaona inafaa."

"Mlimdanganya. Ile hindi mlikuja nayo."

"Zote tunakuja nazo. Hata ya yule mwingine." Aliikuna shingo. "Mimi sikuchagua. Nilituma picha zote mbili Nairobi. Ile anacheka, walisema haikai ya mkulima, ameshiba sana. Lakini ile ya huzuni, kila mtu ofisini alisema hii ni kali. Ati inaingia kwa roho. Msimu ujao tutabadilisha, nakuahidi."

"Alikuwa anafikiria mazishi ya mama yake," Gladwell alisema. Baba yake alikuwa amemwambia hilo. Jerop ndiye aliyemwambia baba.

Gathii alitazama dirishani. "Mimi sikujua anafikiria nini," alisema. "Nilimwambia tu afikirie."

Kwa hiyo Gladwell akaanza kuzunguka madukani. Mbogo alimruhusu aling'oe lake bila maneno mengi, akamsaidia hata kushika ngazi. Kiminini walimruhusu. Kamukuywa mwenye duka alitaka alipwe kwanza, kisha akamtazama vizuri na kumwambia achukue. Webuye walimfukuza. Kila mahali walimuuliza swali lile lile, na kila mahali alijibu, na kila mara jibu lilikuwa jepesi, maneno mawili matatu yasiyomgharimu kitu. Bungoma, karibu na soko, mama mmoja muuza mbegu alimsaidia kukunja karatasi.

"Kwani huyu ni nani yako?"

"Ni mama yangu."

"Uui! Na mbona hukusema mapema?" mama yule alisema, akimaanisha tu kwamba angeilinda ile picha isichafuke.

Gladwell alilia palepale, katikati ya magunia ya mbolea, mpaka muuzaji akaogopa na kumletea kiti.

Jumatano aliomba ruhusa ya kuzungumza katika kipindi cha Wakhungu. Ubao ulikuwa tayari mtupu. Mwalimu aling'oa kila kitu siku ile ile. Gladwell alisimama mahali alipokuwa amesimama mara ya kwanza, na safari hii sauti haikutoka safi. Aliwaambia mwanamke wa upande wa kushoto anaitwa Rahab Nyambura, wa Kiminini. Aliwaambia kuhusu ekari moja na nusu na magunia arobaini na mawili. Aliwaambia hindi lilitoka wapi. Hakuna aliyepiga makofi, na Wakhungu hakutoa alama. Lorna alimpisha kiti kando yake. Lakini wote waliokuwa darasani walikuwa watu wazima, na walijua, kama Gladwell alivyojua, kwamba aliyestahili kuyasikia hayo hakuwapo.

* * *

Alifika nyumbani Jumamosi alasiri na mabango sita yaliyofungwa kwa kamba. Baba yake alikuwa amekwenda kuchanjisha ng'ombe. Mama yake alikuwa jikoni na Jerop, wanachambua mbegu za maharagwe, na kutoka uani Gladwell alisikia wanavyocheka.

Kicheko kilikatika alipoinama mlangoni. Hakikukatika kwa hasira. Kilikatika kama kinavyokatika mgeni anapobisha hodi.

"Umefika salama," Rahab alisema, akainuka, akafuta mikono kwenye leso. "Chuo haijambo?"

"Haijambo. Mami, nimeleta hizi. Nimetoa Kitale, Kiminini, Kamukuywa, Kimilili, na Bungoma mbili. Zimebaki za Webuye na Cheptais. Nitaenda."

Rahab alizipokea, akazipima uzito mkononi. "Umetembea sana. Asante."

"Na nimewaambia darasani. Nimewaambia wote ni wewe."

"Hiyo ni vizuri."

"Mami, nisamehe."

"Nilikusamehe hata kabla nifike stendi," Rahab alisema, na ilikuwa kweli. Mtu yeyote aliyemwona angejua ni kweli. "Wewe ni mtoto wangu. Nikuwekee nini moyoni?"

Gladwell alivuta kigoda chake karibu na Jerop, akanyoosha mkono kwenye ungo wa maharagwe.

"Hapana, usikae huku, kuna moshi," mama yake alisema. "Utaharibu nguo yako. Enda tu sebuleni, nakuletea chai."

"Mami, nataka kukaa hapa."

"Enda. Umetoka mbali."

Akaenda. Alikaa kwenye kochi lenye vitambaa vilivyofumwa, peke yake, mikono magotini. Baada ya muda mama yake aliingia na sinia. Alikuwa na kikombe cha maua, kile cha kabati ambacho hutolewa mchungaji akija, na kisahani chake, na mkate umekatwa pembetatu. Kwanza alimletea maji ya kunawa, akamwagia taratibu, akamshikia taulo. Kisha akamimina chai, akasimama kando, akangoja mpaka anywe kidogo.

"Sukari inatosha, mwalimu?"

Hakulisema kwa kejeli. Gladwell alimtazama machoni akitafuta kejeli, angeshukuru kuipata, na hakuona ila adabu.

Chai haikuwa na sukari kabisa.

"Inatosha, Mami," Gladwell alisema, kama mgeni anavyosema, na mama yake akatabasamu, akarudi jikoni. Muda si muda, nyuma ya ukuta, kicheko cha wanawake wawili kikaanza tena. Gladwell alikunywa kikombe chote mpaka mwisho.